Nta ya Pinki kwenye Difu ya Mbele

2 Februari

Shemeji mpendwa,

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza. Kwenye barua huna namna, utanisikiliza mpaka mwisho, pole sana.

Hujambo? Mimi sijambo, na kitambi changu hakijambo, kinakusalimu. Kinyozi wenu bado ana wateja, ingawa juzi nilimkata bwana mmoja, upande wa kushoto ukatoka kama ngazi. Nikamwambia ndio mtindo wa sasa. Aliondoka akijitazama kwenye vioo vya magari yaliyoegeshwa, mpaka mwisho wa barabara.

Sasa neno lililonileta. Mwaka na miezi miwili imepita tangu Kaka atutoke, na muda wote huo nimejizuia kuuliza. Ni lile gari letu. Najua bado liko chumba chake cha ufundi, juu ya meza ndefu. Mgeni akiliona atasema ni la kuchezea kwa sababu linaendeshwa kwa rimoti. Wewe na mimi tunajua ni mnyama wa kilo kumi na sita, urefu wake karibu mita moja, injini ya petroli inayonguruma kama msumeno wa kukatia magogo. Kaka alilifunga bolti kwa bolti, nami nimeliendesha miaka tisa kwenye mashindano ya Juni, kule uwanjani nyuma ya kiwanda cha vigae. Yeye Fundi, mimi Dereva. Kikao cha familia kilisema gari ni langu, na wewe uliitikia kwa kichwa, nilikuona.

Ijumaa ijayo mteja wangu mmoja anapita huko na lori. Atalibeba. Rimoti ninayo hapa, kila Jumapili naifuta vumbi.

Juni hii nataka kuliendesha kwa ajili yake. Ni hilo tu.

Wako,
Dereva


9 Februari

Shemeji,

Nimekusikiliza mpaka mwisho. Nimechoka.

Mwambie mtu wa lori asijisumbue. Gari linaumwa. Nikizungusha gurudumu la mbele kwa mkono linalia kra, kra, kra, halafu linakwama. Nadhani ni difu ya mbele. Siwezi kukukabidhi kitu kibovu, marehemu mume wangu angenisuta.

Wewe ulikaa naye kwenye ufundi miaka tisa, bila shaka dawa unaijua. Niandikie hatua kwa hatua, nitafanya mwenyewe. Mimi hutengeneza meno bandia ya watu kutwa nzima. Meno ya gia hayatanishinda.

Kitambi kipunguze.

Shemeji yako


17 Februari

Shemeji mpendwa,

Difu! Umemuuliza mtu wake. Nimechukua siku nne kukujibu kwa sababu nilikuwa napanga maneno, sio kwamba nilikuwa sijui.

Sikiliza. Watu wawili wakitembea wameshikana mikono, halafu wakakata kona, yule wa nje lazima aharakishe hatua na yule wa ndani apunguze, la sivyo watavutana. Magurudumu nayo ni hivyo hivyo. Difu ndiyo inayompa kila mmoja mwendo wake bila kuwaachanisha. Ndani yake kuna oili. Ikiwa nyepesi, kila gurudumu linakwenda kwa hiari yake na gari linakata kona upesi. Ikiwa nzito, magurudumu yanabanana na gari linapenda kwenda mbele tu.

Fanya hivi. Toa magurudumu ya mbele. Fungua kifuniko cha sanduku la gia, nyanyua difu nzima nzima, ni kama kikombe kidogo chenye gia kubwa mgongoni. Kina skrubu nne. Zikigoma zipashe moto kidogo, ziliwekwa gundi. Ndani utakuta gia mbili za kando na nne ndogo zimekaa kwenye msalaba wa chuma. Angalia kama kuna jino lililokatika, kama mipira ya kuzuia oili imepasuka, na gasketi ya karatasi usiichane. Hesabu meno ya kila gia, uniambie.

Nimeandika haya yote kutoka kichwani.

Mtaalamu wako,
Dereva


1 Machi

Shemeji Mtaalamu,

Nimeifungua.

Ilikuwa Jumamosi, nilirudi kazini saa saba mchana nikajinyoosha kidogo kwenye kiti cha chumba cha ufundi. Siku hizi nalala humo mchana, usinicheke. Pazia ni jembamba, mwanga unaingia kama umechujwa, na harufu ya petroli na grisi haijaondoka. Nikisinzia nalisikia gari likizunguka kwenye korido. Linapita mlangoni, linapunguza mwendo, linaendelea. Nikifumbua macho liko mezani, limetulia.

Basi nikanawa mikono, nikatandika kitambaa cheupe kama ninavyofanya karakanani, nikaanza. Skrubu tatu zilitoka kwa heri, ya nne niliibembeleza kwa moto. Gia kubwa ina meno arobaini na tatu. Za kando kumi na sita kila moja, ndogo kumi kumi. Hakuna jino lililokatika, wala ufa. Nimeyatazama kwa lenzi yangu ya kazini, na meno mimi nayajua.

Lakini oili sikuiona. Kikombe kimejaa kitu kizito, cha pinki, kimegandamana na grisi mpaka gia ndogo hazionekani. Nilikitoa kwa kisu cha nta, vipande vipande.

Ulikuwa unajua Fundi aliweka nini humu?

Shemeji yako


10 Machi

Shemeji,

Usishtuke. Hiyo ni oili ya kiwandani. Ikizeeka huganda na kugeuka pinki. Kitu cha kawaida sana, sisi wazoefu tumekiona mara nyingi.

Itoe yote. Osha gia kwa mafuta ya taa na mswaki, zikaushe, zipange tena. Nimekutumia kifurushi: seti mpya ya gia za chuma kigumu, kikombe cha alumini badala ya kile cha plastiki, na chupa ya oili nyepesi. Ukijaza, oili iishie pale inapofunika migongo ya gia ndogo, usifike ukingoni, maana ikipata moto hutanuka. Subiri mapovu yapande yaishe. Kaza skrubu kwa kupishanisha, kulia kisha kushoto, sio kwa kuzunguka. Halafu shika gia kubwa, zungusha gurudumu moja: la pili lazima lizunguke kinyume, laini, bila kusita.

Rimoti nayo imo, ili ulijaribu gari kabla sijalichukua. Usiliharibu. Lina mkono wake, limezoea dereva mmoja.

Dereva


4 Aprili

Shemeji,

Limepona. Kra kra kra haisikiki.

Nimelijaribu nyuma ya karakana, kwenye ule uwanja wa saruji unaokusanya maji. Ilikuwa asubuhi, ukungu bado haujanyanyuka, ukuta wa mwisho hauonekani. Niliwasha, nikabonyeza kidogo, likaondoka likaingia kwenye ukungu mpaka nikabaki na mlio tu. Nikageuza usukani wa rimoti bila kuona chochote. Nikangoja. Likarudi, likatokea upande mwingine kabisa na ule niliotazamia, linateleza juu ya maji kama halina uzito, pua mbele, mkia unafuata taratibu. Nilicheka peke yangu kwa sauti. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka bila mtu wa kucheka naye.

Nimekwenda tena asubuhi tatu. Nimejifunza kwamba ukiachia kibonyezo cha moto ghafla kwenye kona, mkia unakuja mbele kukuuliza habari. Ukiachia polepole, unakaa ulipo.

Bado nalikagua kagua. Usitume lori kwanza.

Shemeji yako


12 Aprili

Shemeji mpendwa,

Wewe! Umenichekesha. "Mkia unakuja mbele kukuuliza habari!" Pole, ndivyo anayeanza. Miaka tisa mimi sijawahi kupata shida hiyo, isipokuwa mizunguko ya mwisho mwisho, kwa sababu ya jua. Jua la saa tisa pale uwanjani linakuja machoni moja kwa moja. Kaka alikuwa anasema, "Ni jua tu, mdogo wangu, la sivyo ungewamaliza."

Sitatuma lori. Nakuja mwenyewe, tarehe 20 Juni, siku ya mashindano yenyewe. Wateja wangu saba wamekodi gari la kuja kunishangilia. Nimewaambia watamwona mtu na chuma wakiwa kitu kimoja. Mmoja ameahidi hatanyoa mpaka nishinde, na huyo ana ndevu zinazokua haraka.

Wewe lilete tu uwanjani. Nikitoka hapo naondoka nalo.

Dereva


20 Aprili

Shemeji,

Nimeanza barua hii mara nne. Ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi, lakini ilikuwa na uongo.

Gari halikuwa linaumwa. Hakukuwa na kra kra kra yoyote. Niliitunga mezani, nikiwa na barua yako mkononi, kwa sababu ulitaja Ijumaa. Kikaoni niliitikia kwa kichwa kwa kuwa watu wote walikuwa wananitazama. Nguo zake nimezigawa, vitabu nimevigawa, viatu navyo. Gari likitoka kwenye ile meza, chumba kile kitakuwa chumba tu. Nilitaka wiki mbili. Halafu ukaniuliza idadi ya meno, na mimi siwezi kumtajia mtu idadi ya meno ambayo sijayahesabu. Ndiyo maana nilifungua.

La pili ni gumu zaidi kulisema. Kile kitu cha pinki si oili ya kiwandani. Ni nta. Ni nta yangu, ile tunayotumia kupangia meno bandia kabla ya kuyamimina kwenye kalibu. Niliitambua kabla hata ya kuigusa, kwa rangi na harufu. Kila mwaka ifikapo Mei nilikuwa napungukiwa mabamba mawili matatu karakanani. Nilimshuku mwenzangu, mama mzima mwenye wajukuu, nikafikia kufunga kabati. Sasa najua mwizi alikuwa analala kitanda kimoja na mimi.

Alikuwa anaiyeyusha na grisi na kuijaza kwenye difu ya mbele ili magurudumu yabanane. Gari likawa zito kukata kona, haliwezi kukugeukia hata ukifanya nini. Alifanya hivyo kwa ajili ya mkono wako, Shemeji. Unaubana moto na kuuachia kama mtu anayeua mbu. Nisamehe, nimekuona.

Na nta hulainika ikipata moto. Mizunguko ya mwisho gari lilikuwa linarudi kuwa gari. Halikuwa jua.

Ningeweza kuirudisha nta na kunyamaza. Ungekuja, ungeendesha, ungeondoka nalo, usingejua. Nimeliwaza hilo siku nane. Lakini hao watu saba wamekodi gari.

Niandikie, hata kama ni matusi.

Shemeji yako


30 Mei

Shemeji,

Wiki tano. Najua.

Ile barua yako niliisoma nikiwa nimemwacha mteja na povu usoni. Likakauka. Nilimnyoa bila kusema neno, na mimi kunyoa bila kusema neno ni jambo ambalo halijawahi kutokea. Aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, mwaka juzi, lakini habari ndiyo imefika leo.

Nilikukasirikia wewe wiki ya kwanza, kwa ile kra kra kra. Ya pili nilimkasirikia Kaka. Nilikuwa nasema, kumbe miaka tisa alikuwa ananifunga kamba kiunoni kama mtoto anayefundishwa kutembea, na mimi nakwenda mbele za watu nakunja mikono ya shati. Wiki ya tatu nikaanza kukumbuka. Mwaka mmoja nililalamikia jua na mvua ilikuwa inanyesha. Nilisimama pale nimelowa chapachapa, maji yananitiririka puani, namwambia Kaka jua limeniponza. Naye akaitikia, "Kali sana leo." Nilipolikumbuka hilo nilicheka mpaka nikaweka mkasi chini.

Na mimi nina la kukuambia. Sikuwahi kujua difu ni nini. Kaka akifungua gari, mimi nilikuwa namshikia tochi na kumsimulia habari za mtaani. Yote niliyokuandikia aliniambia fundi wa malori, mteja wangu, nikiwa namnyoa. Swali moja kwa kila upande wa shavu. Ile siku ya kumi na saba Februari alitoka kwangu amenyolewa mara mbili. Oili ya kiwandani kugeuka pinki, hiyo nilitunga mwenyewe, hata yeye asihusishwe. Kwa hiyo wewe ulikuwa na mgonjwa asiyeumwa, na mimi daktari asiyesoma, na katikati yetu gari likapona.

Wateja saba nimewaambia ukweli. Watatu wamedai nauli, wanne wanasema sasa ndio watakuja kwa hakika.

Sijui nikujibu nini kuhusu gari. Niache kidogo.

Dereva (jina hili nalitumia bado, kwa mazoea)


8 Juni

Shemeji,

Zimebaki siku kumi na mbili, basi nisikuache sana.

Nina vikombe viwili mezani, na gia zake. Kile cha alumini kina oili nyepesi. Cha zamani nimekirudishia nta, kwa kipimo kile kile, maana nilikuwa nimehifadhi vile vipande kwenye kikopo nikavipima. Nimeongeza nta ngumu ile ya kiangazi, haitayeyuka upesi, utafika mzunguko wa mwisho bila jua kukusumbua. Kubadilisha ni dakika arobaini. Sitamwambia mtu.

Chagua. Gari ni lako kwa vyovyote. Niliitikia kwa kichwa, na sasa naitikia kwa maandishi.

Shemeji yako


13 Juni

Shemeji mpendwa,

Nimechagua cha alumini, na nimechagua uendeshe wewe.

Usianze kunikatiza. Nimeisoma tena ile barua yako ya ukungu, nimeisoma kwa sauti mbele ya kioo cha kazini kama redio. Mimi miaka tisa sijawahi kuliona gari likifanya hivyo, pua mbele, mkia unafuata. Nilikuwa naendesha meza. Nataka kuliona walau mara moja, na mtu anayejua kuachia moto polepole ni wewe.

Halafu baada ya hapo lirudi kwenye chumba chake, juu ya meza ile. Mimi nikilihitaji nitakuja kulala kwenye kile kiti chenu mchana, tusikilizane zamu.

Waandaaji nimewaandikia wafute Dereva. Wameniuliza waandike nani. Nimewaambia, andikeni Shemeji, uwanja mzima utamjua.

Wako,
Mshika tochi


24 Juni

Shemeji mpendwa,

Nimefika salama, isipokuwa magoti. Miaka ishirini sikuwa nimekimbia, na siku moja umenikimbiza mara tatu kwenda kulinyanyua gari lililolala chali. Wateja wangu wanne walisema mbio zangu ndizo zilizokuwa mashindano yenyewe. Wa saba kati ya kumi na moja si vibaya, na kona ile ya vigae vilivyovunjika, mzunguko wa tisa, hakuna aliyeikata kama wewe. Vumbi lilinyanyuka likasimama hewani na jua likapita katikati yake, na gari likawa linaogelea humo ndani bila sauti. Au masikio yangu ndiyo yaliziba.

Lakini sikuandika kwa ajili hiyo.

Ulipopanda jukwaani na rimoti, uliniambia nisimame pale kwenye matairi ya manjano, ndipo Kaka alipokuwa anasimama. Nilikwenda nikiwa na hamu. Nilisema moyoni, leo nitaona alichokuwa anakiona, jinsi gia zake zinavyofanya kazi, jinsi magurudumu ya mbele yanavyoachiana kwenye kona. Nikasimama. Nikatazama. Shemeji, pale huoni kitu. Kuna ule ukuta mfupi wa matofali, unakata karibu uwanja wote. Gari linatokea mara mbili katika kila mzunguko, kufumba na kufumbua, basi. Nilidhani nimekosea mahali, nikamuuliza mzee wa bendera. Akasema hapo hapo, miaka yote, hata akipewa kiti upande wenye kivuli alikuwa anakataa.

Nikabaki natafuta kinachoonekana kutoka pale. Kinaonekana kimoja tu, na kinaonekana chote, kuanzia viatu mpaka kichwani. Ni dereva.

Ulikuwa umeuma ulimi pembeni mwa mdomo. Sijui kama unajua kwamba huwa unafanya hivyo.

Wako,
Mdogo wake Fundi